Kujinasua: Chombo Kinapobanwa Angani

Katika mchezo wa kompyuta uitwao FTL: Faster Than Light, uliotolewa mwaka 2012 na Justin Ma na Matthew Davis wa studio ndogo ya Subset Games, mchezaji huongoza chombo kimoja cha anga kinachofukuzwa na kundi zima la manowari za waasi. Chombo kimebeba habari za siri ambazo Shirikisho, upande wa mchezaji, linazihitaji ili lisishindwe vita. Safari ina kanda 8 za anga, na kila mara chombo kinaporuka kutoka kituo kimoja hadi kingine, waasi nao husogea. Ukizubaa, wamekufikia.

Kikizidiwa katika mapigano, chombo hicho kinaweza kuacha vita na kuruka. Kiingereza kina neno la zamani kwa kitendo hiki, retreat, lilelile la majeshi ya nchi kavu. Mfasiri wa Kiswahili akifungua kamusi atakutana na kurudi nyuma, ataliandika, na sentensi yake itakuwa ya uongo. Katika FTL chombo kinachokimbia mapigano kwa kawaida hakirudi nyuma, kwa sababu nyuma ndiko waliko waasi. Kinakimbilia mbele.

Kurudi nyuma kuna ardhi ndani yake. Jeshi la nchi kavu lina mstari wa mbele, na nyuma ya mstari huo kuna ghala, hospitali, daraja na njia ya nyumbani. Ila hata huko ardhini mwelekeo haukuwa kiini cha jambo siku zote. Novemba 1917 jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, ambalo askari wake wengi walikuwa Waafrika na Kiswahili kikiwa lugha ya kambini, lilibanwa na Waingereza kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania. Likavuka Mto Ruvuma na kuingia Msumbiji, koloni la Wareno, ambao nao walikuwa adui. Lilimkimbia adui mmoja kwa kumvamia mwingine, likaendelea kupigana mwaka mzima hadi liliposalimu amri Abercorn, Rhodesia ya Kaskazini, Novemba 1918. Na gharama ya mwaka huo ilibebwa zaidi na wapagazi na wanavijiji walionyang'anywa chakula. Ukiandika kwamba jeshi hilo lilirudi nyuma tu, umeacha habari yenyewe: lilikuwa limebanwa, na likachomoka.

Angani habari hiyo ndiyo inayobaki peke yake. Kestrel, chombo cha kwanza anachopewa mchezaji wa FTL, huanza na mabaharia watatu na alama 30 za uimara. Alama zikiisha, mchezo umekwisha; unaanza upya kutoka kanda ya kwanza, na waliokufa wamekufa. Sasa chukua chombo kilichobakiwa na alama chache. Ngao zimezimika, chumba cha injini kinawaka moto, na kombora jingine liko njiani. Ili chombo kiruke, rubani lazima awe usukanini, injini ziwe zinafanya kazi, na mtambo wa kuruka uwe umejaa. Mtambo hujaa taratibu, na muda wote huo adui anapiga. Fundi akiingia kwenye injini, moto unamla. Mchezaji anafungua milango ya nje ili hewa itoke na moto ufe, akijua kwamba fundi akibaki mle ndani naye atakosa pumzi. Moto unazimika, milango inafungwa, fundi anarudi kazini, mtambo unajaa, chombo kinatoweka mbele ya macho ya adui. Hakikupata chochote, kwa kuwa mabaki ya vyuma, ambayo ndiyo fedha ya mchezo huo, huokotwa na aliyeshinda. Kilichopata ni kuwepo.

Katika dakika zote hizo swali la upande wa kuelekea halikutokea. Mchezaji alitaka kujua kama chombo bado kimeshikwa au kimeachiwa. Istilahi inayofaa inapaswa kujibu swali hilo.

Maneno yanayogombea nafasi hiyo si machache. Kukimbia kunaeleweka na kila mtu, lakini kunamjumuisha pia aliyeondoka kabla risasi ya kwanza haijalia, na kunanuka hofu, ilhali huku tunaongelea amri iliyotolewa kwa hesabu. Kutoroka kunabeba hatia: anayetoroka ni mfungwa, mtoro wa shule au mdaiwa, mtu aliyetakiwa abaki. Kujiondoa ni neno la taarifa ya habari. Nchi hujiondoa katika mkataba, na serikali huondoa majeshi yake kwa ratiba iliyotangazwa. Ni neno zuri kwa kikosi kinachoondoka kwa mpango kabla hakijabanwa, ila halina moto ndani yake. Kuruka kunataja njia tu. Chombo cha FTL huruka hata siku ya amani. Na ukilitohoa neno la Kiingereza ukapata ritriti, umeazima sauti na kuacha maana mlangoni, jambo lisilo na sababu kwa lugha yenye akiba yake.

Akiba hiyo imo katika kitenzi kunasa. Mtego hunasa ndege, ulimbo hunasa, nguo hunasa kwenye mwiba, gari hunasa kwenye tope. Kitenzi hiki kikitiwa kiambishi cha kutendua, -u-, kinazaa kinyume chake: nasa, nasua, kama tega na tegua, ziba na zibua, kunja na kunjua. Kikitiwa -ji- kwa mbele, anayenasuliwa na anayenasua wanakuwa mmoja: kujinasua. Hivyo neno moja linasema mambo mawili ambayo mchezo unayahitaji. La kwanza, kwamba kulikuwa na mtego. Mtu hajinasui asipokuwa amenaswa. La pili, kwamba aliyetoka ametoka kwa juhudi yake. Mwelekeo haumo, na ni vizuri usiwemo.

Kipimo cha istilahi ni kama inazaa. Stellaris, mchezo wa mkakati wa kampuni ya Paradox ya Sweden uliotoka mwaka 2016, unatupa mahali pa kupimia, maana unatofautisha aina mbili za kuondoka vitani. Ya kwanza ni ya meli moja moja. Tangu mabadiliko makubwa ya mwaka 2018, meli ambayo mwili wake umeharibika kupita nusu ina bahati fulani, kila inapopigwa tena, ya kuchomoka kwenye mapigano badala ya kulipuka. Mchezaji haamuru jambo hilo, linatokea lenyewe. Meli ndogo zina bahati kubwa kuliko meli nzito, sawa na dagaa wanaopenya tundu za wavu uliomshika changu. Ya pili ni amri ya mchezaji kwa kikosi kizima: baada ya muda fulani wa mapigano anaweza kuamuru mruko wa dharura. Kikosi hutoweka, hakionekani popote kwenye ramani kwa muda, kisha hujitokeza katika eneo la kirafiki kikiwa na majeraha, na pengine kimepungua.

Kiingereza kimelazimika kutafuta majina mawili tofauti kwa mambo haya. Kiswahili kinayatoa yote kwenye shina moja kwa kubadili kauli tu. Meli iliyochomoka yenyewe imenasuka. Kikosi kilichoamriwa kimejinasua. Kikosi kilichookolewa na wenzake waliokuja kumchapa adui kimenasuliwa. Mchezaji anayesoma taarifa ya vita atajua, bila maelezo ya pembeni, nani alitenda na nani alitendewa. Mchezo huohuo una sera ya kivita inayofuta bahati hiyo ya kuchomoka: meli hufyatua kwa kasi zaidi, lakini hazinasuki tena. Hiyo tunaweza kuiita sera ya kutonasuka, na kila mmoja ataelewa kilichouzwa na kilichonunuliwa.

Shina linafaa hata upande wa mtegaji. Michezo mingi ya anga ina vifaa vya kuzuia chombo kuruka. Katika EVE Online, mchezo wa mtandaoni wa kampuni ya CCP ya Iceland ulioanza mwaka 2003, vyombo maalumu hutandaza tufe la nguvu, na chombo kilichomo ndani ya tufe hilo kwa kawaida hakiwezi kuruka. Ndiyo maana kwenye mchezo huo mshindi mara nyingi ni yule aliyemzuia mwenzake asiondoke. Mizinga hufuata baadaye. Kifaa cha kuzuia tukiite kinasa, kwa muundo wa kinasa sauti, neno ambalo wasemaji wamelitumia miaka mingi. Wahandisi watapata kinasa, waliokamatwa watakuwa wanaswa, na tendo lenyewe ni unasaji.

Kuna mahali ambapo kurudi nyuma kunastahili kubaki. Katika Stellaris ngome yenye kinasa huiachia meli ya adui njia moja tu ya kutokea, nayo ni ileile iliyoingilia, mpaka ngome itekwe. Hapo mwelekeo ni sehemu ya kanuni, na mfasiri aandike bila wasiwasi kwamba kikosi kinaweza kurudi nyuma tu. Jeshi lililovunjika na kutawanyika bila amri, kwa upande wake, halijajinasua wala halijarudi nyuma, limetimuliwa. Kwa hiyo tuna maneno manne kwa hali nne: kujiondoa kwa mpango, kujinasua kwa nguvu, kurudi nyuma kwa njia ya awali, kutimuliwa kwa aibu.

Linabaki neno la kinachofuata baada ya kujinasua. Michezo hii hupima mafanikio kwa kitu ambacho Kiingereza hukiita survival, na mfasiri huvutwa na kuishi au kupona. Kuishi ni kupana mno. Kupona ni kwa mgonjwa. Kunusurika ndiko kunakofaa, kwa maana kuna hatari iliyopita karibu: basi lilipinduka, abiria wawili wakanusurika. Wanaobaki ni manusura, neno ambalo redio na magazeti yameshalizoesha masikio ya watu. Shina lake ni la Kiarabu, ilhali nasua ni la Kibantu. Yanakaribiana kwa sauti kiasi cha kumkosesha mwandishi mwenye haraka, lakini maana hazigongani. Kujinasua ni tendo, kunusurika ni matokeo. Chombo kinaweza kujinasua kisinusurike, kikiruka kutoka kwa adui mmoja na kuangukia mikononi mwa mwingine.

Homeworld, mchezo wa anga uliotengenezwa na Relic Entertainment mwaka 1999, umejengwa juu ya neno hili la pili, kunusurika. Meli Mama, chombo kikuu cha mchezaji, inaporejea kutoka majaribio ya kwanza ya kuruka, inakuta sayari ya nyumbani, Kharak, imeteketezwa. Waliobaki ni watu laki sita waliolazwa usingizini katika makasha yanayozunguka juu ya sayari, na adui anayashambulia. Kutoka hapo meli ulizozihifadhi katika hatua moja ndizo utakazoingia nazo hatua inayofuata, iliyopotea imepotea. Methali ya Waswahili kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio ingeweza kuwa kanuni ya kwanza katika kitabu cha maelekezo ya michezo yote hii, kwa sababu inampima mpiganaji kwa hali ya nyumba yake baada ya vita.

Atakayetafsiri menyu ya mchezo wa namna hii atahitaji maneno mafupi, kwa sababu kitufe kina nafasi ndogo. Kitufe cha kuondoka kiandikwe Jinasue. Cha dharura, Jinasue sasa. Taarifa ya meli moja isomeke imenasuka, ya kikosi kimejinasua, na hesabu ya mwisho iorodheshe manusura. Maneno haya hayahitaji kamusi pembeni, na mchezaji mwenye sekunde tatu za kuamua hana muda wa kuifungua.