Ziwa Bunyonyi

Ziwa Bunyonyi ni ziwa la milimani kusini-magharibi mwa Uganda, karibu na mji wa Kabale na mpaka wa Rwanda. Liko mita 1,962 juu ya usawa wa bahari, na urefu wake ni takriban kilomita 25. Kwa Kikiga, jina lake humaanisha mahali pa ndege wadogo wengi. Zamani bonde hili lilikuwa na mto; lava ikauziba, maji yakapanda taratibu yakajaza mabonde yote ya jirani. Ndiyo sababu ziwa limejipenyeza kati ya vilima kwa mikono mingi, na vilele vilivyosazwa na maji vikawa visiwa 29.

Anayelizuru kwa siku moja hulala Kabale na kuondoka alfajiri. Bodaboda hupanda kilima, kisha huteremka hadi gati la Rutinda, safari isiyofika kilomita 10. Saa hizo ukungu bado umelala juu ya maji, na matuta ya viazi na mtama yaliyochongwa hadi kileleni huonekana nusunusu. Siku ya soko, mitumbwi hufika imesheheni mboga, mbuzi na watu.

Boti ya injini huokoa muda, lakini ziwa hili hujulikana vizuri zaidi kwa mtumbwi. Mtumbwi wa Bunyonyi huchongwa kutoka gogo moja la mkaratusi. Mgeni anayeshika kafi kwa mara ya kwanza huuona ukizunguka pale pale, pua ikielekea ulikotoka, ilhali watoto wa shule wa visiwani huupitisha karibu naye ukiwa umenyooka kama uzi.

Kati ya visiwa vyote, viwili havifai kupitwa. Akampene ni kijisiwa cha nyasi, kidogo mno hata hakina pa kujificha jua. Hapo ndipo wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa walipoachwa wafe kwa njaa au wazame wakijaribu kuogelea. Mwanamume asiye na ng'ombe wa mahari aliweza kumchukua mmoja wao awe mkewe, na wengine waliokolewa hivyo. Ni haki mtembezi anyamaze hapo kidogo kabla ya kupiga picha. Bwama, kisiwa kikubwa zaidi, kina historia ya huruma: mwaka 1931 daktari mmisionari Leonard Sharp alifungua huko makazi ya wagonjwa wa ukoma, waliokuwa wakifukuzwa vijijini mwao. Yeye mwenyewe aliishi kisiwa jirani cha Njuyeera. Leo Bwama ina shule.

Nyumba za wageni ziko pwani ya Rutinda na visiwani, kama vile Bushara na Itambira. Nyingine ni hoteli za ghorofa, nyingine mahema na vibanda vilivyo wazi upande wa ziwa. Asiyelala huko hukaribishwa kwa chakula cha mchana. Chakula kinachosifiwa ni kamba wadogo wekundu wa maji baridi, ambao si wenyeji wa ziwa hili bali waliletwa kutoka nje. Hupikwa kwa mchuzi wa viungo na kuliwa kwa chapati au viazi.

Alasiri upepo huamka na mawimbi mafupi huanza kupiga ubavu wa mtumbwi, kwa hiyo wapiga kafi hupenda kurejea Rutinda mapema. Usiku baridi huwa kali, na sweta huhitajika hata msimu wa kiangazi.