Viwanja vya Viwanda Vilivyozimika na Umeme wa Jua



Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, tumeona yafaa kuandika habari za viwanja ambavyo viwanda vyake vimezimika, maana sisi nasi tunacho kimoja: pale penye kinu cha zamani cha kuchambulia pamba, ambapo tangu mashine ziliponyamaza hapaoti ila miiba. Mkutano Mkuu umekwisha kuambiwa kwamba huenda pakafaa kwa mitambo ya umeme wa jua. Kabla ya kukata shauri, na tuwatazame wenzetu.

Mwaka 1902 kampuni tano za Marekani zilizounda mashine za kuvunia ziliungana zikawa International Harvester, jina ambalo wazee wetu walilisoma juu ya matrekta. Kimojawapo cha viwanda vyake kilikuwa West Pullman, kusini mwa mji wa Chicago. Kilipofungwa, ardhi ile ilikaa bure miaka mingi, imechafuliwa, haina mnunuzi. Hatimaye, mwaka 2010, zikasimamishwa hapo paneli zaidi ya 32,000 katika eka 41 hivi, zenye nguvu ya megawati 10. Paneli hizo ziliundwa zigeuke kulifuata jua kama alizeti changa (iliyokomaa, kila mkulima ajua, haigeuki tena).

Kazi njema. Lakini mitambo ile iliwekwa na kampuni ya umeme, si na majirani. Na mitambo ya jua, ikisha kusimama, huhitaji mikono michache sana kuliko kiwanda.

Huko Westmill, Uingereza, mambo yalikwenda kwa njia nyingine, nayo ndiyo tuipendayo. Hapo palikuwa kiwanja cha ndege wakati wa vita, kisha pakawa shamba. Mitambo ya megawati 5 iliwashwa mwaka 2011, na mwaka 2012 chama cha ushirika kikainunua kwa hisa za wanachama na mkopo. Mwenye hisa nyingi na mwenye chache, kila mmoja ana kura moja, kama ilivyo kwetu.

Basi hoja iliyo mbele ya Mkutano si bei ya paneli tu. Twataka kwanza udongo wa kinuni upimwe, kwa ajili ya mafuta na dawa zilizomwagika miaka ile. Twataka hati ya kiwanja ibaki mikononi mwa Chama, hata akija mwenye fedha kuomba kukodi. Na vyama vya msingi vyote viulizwe, si vile vilivyo kando ya barabara kuu peke yake. Wajumbe wataletewa ramani pamoja na makisio ya gharama. Twaomba wayasome pamoja na wanachama wao kabla ya siku ya kura.