Kilwa Kisiwani: Sifa ya Msafiri na Ushahidi wa Mawe

Kilwa Kisiwani, mji wa kale ulio kisiwani ng'ambo ya Kilwa Masoko, kusini mwa pwani ya Tanzania, unajulikana duniani hasa kwa sababu ya Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyefika hapo mwaka 1331 na kuuhesabu miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema kabisa. Masimulizi yake yaliandikwa na Ibn Juzayy na kukamilika mwaka 1355, yaani zaidi ya miaka 20 baadaye, na humo nyumba za Kilwa zinatajwa kuwa za miti, ilhali magofu yanayomlaki mgeni wa leo ni ya mawe. Wanahistoria wamelijadili sana jambo hili, ingawa pengine halina fumbo kubwa: wakazi wengi waliishi katika nyumba za miti na udongo, ambazo hazikuacha kuta, na mawe yalikuwa ya wachache.

Mawe yenyewe ni matumbawe, yaani masalia magumu ya viumbe vya baharini, ambayo yalichongwa yangali mabichi na laini, au yakachomwa ili kupata chokaa. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hizo hazivuki kwa urahisi upana unaozidi mita 3 hivi, vyumba vilitoka virefu na vyembamba, kiasi kwamba anayesimama katikati ya kuta mbili zisizo na paa huweza kukadiria urefu wa mti ambao umekwisha kuoza karne nyingi zilizopita.

Mtawala aliyempokea Ibn Battuta alikuwa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib, maana yake baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Ukarimu huo ulikuwa na upande wa pili, kwani msafiri huyohuyo anasimulia kwamba sultani alikuwa akishambulia nchi za bara na kurudi na ngawira. Kwake huhusishwa Husuni Kubwa, kasri lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, lililojengwa juu ya genge linalotazama bahari. Husuni ni neno la Kiarabu la ngome, lakini uchimbaji ulioongozwa na Neville Chittick katika miaka ya 1960 ulidhihirisha makazi ya anasa, ambayo yaelekea yalihamwa mapema.

Fahari hiyo ililipiwa na dhahabu iliyopitia Sofala, katika Msumbiji ya leo, na biashara hiyo ndiyo iliyowavuta Wareno, ambao chini ya Francisco de Almeida waliuteka na kuupora mji mwaka 1505. UNESCO iliyaorodhesha magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kuwa urithi wa dunia mwaka 1981.

Kuta, hata hivyo, si ushahidi pekee. Kilwa ilipiga sarafu zake za shaba, zenye maneno ya Kiarabu yaliyotungwa kwa vina, hivi kwamba kina kinachoanzia upande mmoja hukamilika sarafu inapogeuzwa na jina la sultani kuonekana. Na mojawapo ya sarafu za al-Hasan bin Sulaiman imepatikana Zimbabwe Kuu, mbali kabisa na bahari, katika nchi ilikotoka dhahabu.