Keki ya Kitabuni, Keki ya Mlimani

Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Methali hii huwasuta wanaojivunia neema iliyokwisha pita. Lakini ukiichukua kama swali la kweli, ni swali la historia: huyo wa jana alikula nini, na ni mkono wa nani uliompikia?

Katika nyanda za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, chakula cha wenyeji tangu kale ni ugali wa ulezi, wa mtama na baadaye wa muhogo. Keki ni mgeni. Mlango mmojawapo aliopitia ni Shirati, iliyo leo katika Wilaya ya Rorya, ambayo ilimegwa kutoka Tarime mwaka 2007. Hapo ndipo Wamenoni wa Pennsylvania, Marekani, walipofungua misheni mwaka 1934. Mwaka 1940 wakapanda hadi Nyabasi, kwa Wakurya. Walitoka katika jamii zilizosifika kwa kuoka.

Mapishi ya jamii hizo yalikusanywa na Mary Emma Showalter, mwalimu wa sayansi kimu, katika kitabu chake Mennonite Community Cookbook cha mwaka 1950. Mengi yalikuwa yakirithiwa kwa mkono na kumbukumbu, mama kwa binti. Yeye akayatia katika kikombe na kijiko, ili hata asiyekuwa na bibi wa kumfundisha aweze kupika.

Lakini kipimo nacho kina nchi yake. Hata ufuko wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 juu ya bahari, na kutoka hapo ardhi huzidi kupanda kuelekea Tarime na Mugumu. Huko juu hewa ni nyepesi: maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi au pungufu, wala si 100, na beking pauda hufura kwa haraka kuliko kawaida. Keki iliyopimwa kwa ajili ya nchi za chini huumuka kwa madaha, kisha huzama katikati kabla haijashikana. Dawa yake ni kupunguza beking pauda na sukari kidogo, na kuongeza maji au maziwa.

Kikwazo cha pili ni unga. Ulezi, kwa utamu wake wote, hauna ule mnato wa ngano unaoshika hewa. Ukitiwa peke yake, keki humeguka. Kwa hiyo mpishi alihitaji ngano ya dukani, na duka lina misimu yake. Mwaka 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, Sirari ikiwa mlangoni pake, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Katika miaka hiyo sukari na unga viliadimika nchini, na kitabu kizuri kuliko vyote hakikuweza kumpa mtu kikombe cha ngano.

Na pasipo jiko la umeme, kuna sufuria lenye mchanga wa moto, bati la keki ndani yake, na makaa juu ya kifuniko. Msomaji wa mwambao hatalishangaa jambo hili: mkate wa mayai nao hupaliwa moto juu na chini, na mpishi wake huujua kwa harufu kwamba umeiva.

Hapa ndipo penye hasara. Kitabu kilihifadhi vipimo vya Pennsylvania na Virginia. Masahihisho ya mlimani, yaani kijiko kilichopunguzwa, ulezi uliochanganywa na ngano, idadi ya makaa ya juu, yamebaki mikononi mwa akina mama, na mkono hauachi maandishi. Showalter alianza kazi yake kwa kuona kwamba maarifa ya wazee yangepotea yasipoandikwa. Kazi hiyo hiyo inangoja Mara, kwa Kiswahili na kwa Kikurya. Isipofanywa, mla jana atabaki bila jibu.