Daftari la Kahawa Linapohamia Mtandaoni

Ushirika wa kahawa wa Bukoba ulizaliwa kama hoja ya siasa, lakini uliishi kama ofisi. Katika miaka ya 1930 Native Growers Association ya Klemens Kiiza ilijaribu kuuza kahawa ya Wahaya bila kupitia kwa wafanyabiashara, na mwaka 1937 kanuni za kikoloni za kilimo cha kahawa zikazusha ghasia. BNCU, Chama Kikuu cha Ushirika cha Bukoba, kilisajiliwa mwaka 1950. Kuanzia hapo haki ya mkulima haikutegemea tena hotuba, ilitegemea mizani, karani na kitabu cha stakabadhi. Mkulima wa Kamachumu alileta kahawa ya maganda iliyokaushwa kwenye ghala la chama cha msingi. Karani akapima, akaandika jina na kilo juu ya karatasi ya kaboni, nakala moja ikabaki kitabuni, nyingine ikaenda nyumbani na mwenye kahawa. Malipo ya awali yalitolewa kwanza, na yale ya pili yalisubiri mauzo. Bila kile kipande cha karatasi mkulima hakuwa na cha kudai. Ninachoshikilia ni hiki: nguvu ya mfumo ule ilikuwa kwamba hesabu moja ilikaa mahali pawili, na mmoja wa walioishika alikuwa mwenye mali. Programu yoyote ya ofisi inayoletwa leo ipimwe kwa kipimo hicho.

Kuna atakayesema kwamba natukuza karatasi iliyowaibia wakulima. Ni kweli kwamba karatasi haikuzuia wizi. Kamati maalumu ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika mwaka 1966 ilikuta hesabu mbovu, watumishi wasio na mafunzo na uaminifu mdogo, na ilieleza pia kwamba wanachama wengi hawakujua mambo ya chama chao. Hilo la mwisho ndilo ninalolishika. Tiba iliyofuata ilikuwa kupandisha daftari juu zaidi: mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu, na mazao yakanunuliwa na mamlaka za serikali ambamo mkulima hakuwa mwanachama wala hakuwa na mkutano mkuu wa kuuliza swali. Sheria ya ushirika ya 1982 ilivirudisha vyama hivyo, na ndipo baadaye tukawa na vyama vikuu viwili: KCU (1990) kwa upande wa Bukoba na Muleba, na KDCU kwa upande wa Karagwe. Miaka ile daftari lilibadilishiwa mlinzi, msomaji hakuongezwa.

Sasa daftari linahama tena. Tume ya Maendeleo ya Ushirika imeleta MUVU, Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, unaotumika kwa intaneti, na minada ya kahawa nayo imeingia katika mfumo wa kidijitali. Faida zake si za kubeza. Mrajis wa Vyama vya Ushirika anaweza kuona hesabu ya chama cha Muleba bila kusubiri kabrasha; na tetemeko la Septemba 2016, lililobomoa majengo mengi Bukoba, lilionyesha hatari ya kuweka kumbukumbu zote katika chumba kimoja. Lakini takwimu inayoingizwa jioni kutoka kwenye karatasi hurithi kosa la karatasi, tena kwa sura safi zaidi. Nywila ikiwa kwa karani peke yake, chama kimempa mtu mmoja funguo zote. Chama kinacholipia programu yake kila mwaka nacho kinaweza kujikuta hakina daftari siku ada ikikosekana.

Pingamizi jingine ni zito zaidi: mkulima anataka fedha, si kompyuta. Sawa. Butura, ile kahawa inayouzwa ikiwa bado ua mtini, hutokana na shida ya fedha, wala hakuna programu itakayoifuta. Hata hivyo, mkulima mwenye rekodi ya kilo zake za misimu kadhaa, anayeweza kuionyesha mwenyewe, ana cha kuweka mezani anapoomba mkopo halali. Rekodi iliyofungiwa ofisini haimsaidii kitu.

Kwa hiyo wanachama wa Bukoba na Muleba wadai mambo mawili kwenye mkutano mkuu, kabla ya kupitisha bajeti ya mfumo wowote: stakabadhi iendelee kutolewa palepale penye mizani, na mkataba useme wazi kwamba chama kitakabidhiwa nakala kamili ya daftari lake siku kikiachana na programu hiyo.