Mali Bila Daftari: Habari za Fedha za Maendeleo katika Mitaa ya Nairobi

Kwa desturi kijitabu hiki huwaletea wanachama hesabu ya fedha za chama: zilizoingia, zilizotoka na zilizobaki. Mwaka huu twaona yafaa kuweka kando ya hesabu hiyo habari za fedha nyingine, ambazo hazikupita kamwe katika sanduku letu, lakini zimegusa maisha yetu kuliko michango yetu yote. Hizo ni fedha ambazo serikali na baraza la mji zimetumia Nairobi, kizazi baada ya kizazi, kwa jina la maendeleo ya wakazi. Wazee wetu wamezoea kuuliza fedha hizo zilikuwa kiasi gani. Sisi twauliza jambo jingine: daftari lake lilikuwa mkononi mwa nani?

Tuanze na Pumwani, lokesheni iliyopimwa na baraza la mji mwanzoni mwa miaka ya 1920. Wakati huo huo baraza lilichukua desturi iliyoanzia Durban, Afrika ya Kusini, baada ya sheria ya mwaka 1908. Kwa desturi hiyo mji peke yake ndio uliokuwa na ruhusa ya kupika na kuuza pombe ya Waafrika, na faida yake ikawekwa katika mfuko wa ustawi wao. Hivyo kilabu cha pombe cha baraza kikafunguliwa Pumwani, nao akina mama waliopika pombe majumbani mwao ili kulisha watoto wakawa wavunja sheria. Fedha za mfuko ule zilifanya kazi ambazo hatuwezi kuzikana, kwa maana kumbi za mikutano na huduma za mitaa zilitegemea faida hiyo. Lakini na tutazame jambo lenyewe lilivyokuwa. Mwafrika alilipa kodi ya nyumba, kisha akanunua pombe, na faida ya pombe yake ikarudishwa kwake ikiitwa msaada. Wala hakuna Mwafrika aliyekaa katika kiti cha kuamua fedha hiyo itumiweje.

Baadaye palikuwapo baraza la ushauri la Waafrika. Wajumbe wake walisikilizwa, na mara nyingine maneno yao yalifuatwa, lakini kushauri si kuamua. Mwaka 1946 Waafrika wa kwanza waliingia katika Baraza la Manispaa, nao waliteuliwa, hawakupigiwa kura. Kwa hiyo mji ulipopewa hati ya kifalme mwezi wa Machi 1950 na kuitwa jiji, viongozi wa wafanyakazi, miongoni mwao Makhan Singh na Fred Kubai, waliwaambia watu wasihudhurie sherehe. Mwezi wa Mei wote wawili walitiwa mbaroni. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: jiji ambalo wengi wa wakazi wake hawana kura ndani yake halijawa jiji lao.

Miaka ya 1950 ilileta jina jipya, yaani maendeleo ya jamii. Bwana T. G. Askwith, aliyekuwa afisa wa mambo ya Waafrika katika Manispaa ya Nairobi baada ya Vita Kuu ya Pili, ndiye aliyeongoza idara ya serikali iliyoshughulikia kazi hiyo. Watu walifundishwa katika Jeanes School huko Kabete, na mwaka 1952 vikaanzishwa vyama vya Maendeleo ya Wanawake. Kaloleni ilikuwa na ukumbi wake, na mitaa mingine kadhalika, ambamo watu walijifunza kusoma, kushona na kucheza ngoma. Lakini hali ya hatari ilikuwa imetangazwa mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, na mwezi wa Aprili 1954 msako ulioitwa Anvil ukawazoa maelfu kwa maelfu ya wakazi na kuwapeleka vizuizini. Mkono uliojenga kumbi ni wa serikali ile ile iliyowazoa walioketi ndani yake. Kwa hiyo msistaajabu mkisikia wazee wakilitaja neno ustawi kwa shaka.

Mwaka 1962 Bwana Charles Rubia alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi, na uhuru ukafuata mwaka 1963. Tulidhani kwamba daftari sasa limefika nyumbani. Kwa kiasi fulani lilifika, lakini gharama zilikua upesi kuliko mapato. Watu waliingia jijini kwa wingi, baraza likaendelea kubeba mzigo wa shule za msingi na zahanati, na katika miaka ya 1970 kodi ya watu binafsi, iliyokuwa tegemeo kubwa la mabaraza, ikafutwa.

Katika miaka hiyo ndipo ilipoanza kazi ya Dandora. Mwaka 1975 serikali ilipata mkopo wa Benki ya Dunia, na Baraza la Jiji likapewa kazi ya kupima viwanja 6,000 kwa ajili ya watu wa kipato kidogo. Baraza halikujenga nyumba nzima. Liliweka barabara, maji, choo na mahali pa kuogea, kisha mwenye kiwanja akajenga vyumba vyake mwenyewe, kwa mkopo wa vifaa na kwa msaada wa vikundi vya majirani. Palikuwa na idara maalumu ya kazi hiyo, na maafisa wa maendeleo ya jamii waliowaeleza watu haki zao na madeni yao. Ni kweli kwamba wengine waliviuza viwanja vyao, na wengi walipangisha vyumba ili wapate kulipa deni. Hata hivyo mtaa ulisimama, kwa sababu mkazi alijua ni kiasi gani anadaiwa, na ni kitu gani atakachopata kwa fedha yake.

Mwaka 1983 Baraza la Jiji lilivunjwa na tume ya kuteuliwa ikashika mahali pake, nayo ilikaa mpaka uchaguzi wa mwaka 1992. Kwa karibu miaka kumi mkazi wa Nairobi hakuwa na diwani wa kumwuliza neno. Waliokaa jijini siku zile wanakumbuka mabomba makavu na takataka zilizorundikana.

Tangu mwaka 1999 serikali iligawia mabaraza asilimia 5 ya kodi ya mapato kwa mfuko ulioitwa LATF, na baraza lilitakiwa kuonyesha hesabu na mipango yake kabla ya kupewa. Tangu mwaka 2001 wakazi walitakiwa kuitwa mkutanoni ili wachague kazi za kata yao. Mwaka 2003 ukaanzishwa mfuko wa maeneo ya bunge, CDF, wa asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Kuna madarasa na zahanati zilizopatikana kwa fedha hizo, na wanaozitumia wanazishukuru. Lakini mahali pengi mkutano wa wakazi ulikuwa wa kuthibitisha yaliyokwisha kuamuliwa.

Katiba ya mwaka 2010 imeligeuza jambo hili. Inasema kwamba mambo ya fedha za umma yaendeshwe kwa uwazi, na wananchi washirikishwe. Kaunti zilianza kazi mwaka 2013, na jiji letu likawa kaunti yenye kata 85. Mwaka 2017 Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa eneo la mpango maalumu, na wakazi wenyewe, kikundi kwa kikundi, wakakaa na wataalamu kupanga barabara, maji na shule zao. Barabara zilianza kutengenezwa. Lakini mwaka 2021 nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa Mukuru kwa Njenga kwa ajili ya barabara. Mpango mwema haujilindi wenyewe.

Basi, wanachama wapenzi, funzo letu ni nini? Tangu kilabu cha Pumwani hadi leo, hatukukosa fedha tu. Tulikosa nafasi ya kuzisoma hesabu zake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leo sheria ya mwaka 2012 inataka mpango wa maendeleo wa kaunti upelekwe kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya matumizi kabla ya tarehe 30 Aprili. Sheria ya mwaka 2016 nayo inampa raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali. Hizo ndizo funguo ambazo wazee wetu walinyimwa.

Twapendekeza kwamba kila tawi la chama lichague watu wawili wajuao hesabu, mmoja mzee na mmoja kijana, wahudhurie mikutano ya kata, waombe karatasi za makadirio, kisha wazisome mbele ya wanachama kwa lugha inayoeleweka, kama mweka hazina wetu anavyosoma hesabu za chama. Tusipofanya hivyo, tutajengewa kumbi tena, na tutaambiwa tena kwamba tumesaidiwa.