Usiache mbachao: Jinsi ya kupima huduma za kampuni za simu kabla ya kuhama

ANAYEISHI Gitothua, mojawapo ya wadi za eneobunge la Ruiru katika Kaunti ya Kiambu, hana upungufu wa kampuni za simu za kumshawishi. Wauzaji wa laini hutandaza miavuli yenye rangi za kampuni zao kando ya barabara, na kila mmoja hudai kwamba mtandao wake ndio wenye kasi kuliko yote. Hata hivyo, mpangaji wa chumba cha chini katika jengo la orofa tano anajua kwamba madai hayo aghalabu huishia mlangoni pake. Akiwa barabarani simu hushika vyema. Akiingia ndani mazungumzo hukatika, na mwanawe anayefuata masomo kwa intaneti hubaki akitazama picha iliyoganda.

Uamuzi wa kuhama si mdogo. Nambari ya simu siku hizi ni akaunti ya pesa, ni njia ya kupokea ujumbe kutoka kwa benki na, kwa fundi au mama mboga, ndiyo ofisi yenyewe. Anayehama bila kupima anaweza kupoteza wateja na akiba yake ya bando, kisha agundue kwamba hali ya mtandao nyumbani ni ile ile. Makala haya yanaeleza mambo ya kulinganisha, namna ya kuyapima na mitego ya kuepuka.

Nani anatoa huduma?

Safaricom ilianzishwa mwaka wa 1997 kama kampuni tanzu ya Telkom Kenya, na mwaka wa 2000 Vodafone ya Uingereza ikanunua asilimia 40 ya hisa zake. Mwaka huo huo ndipo Kencell ilipoingia sokoni. Jina hilo lilibadilishwa kuwa Celtel mwaka wa 2004, Zain mwaka wa 2008, na hatimaye Airtel mwaka wa 2010. Telkom nayo ilianza huduma za simu za mkono za GSM mwaka wa 2008 kwa jina la Orange, jina ambalo liliachwa mwaka wa 2017. Kampuni ya nne, Yu, iliyozinduliwa mwaka wa 2008, iliondoka nchini mwaka wa 2014. Wateja wake wakachukuliwa na Airtel, nayo mitambo ikachukuliwa na Safaricom.

Kuna pia Faiba ya kampuni ya Jamii Telecommunications, iliyoanzisha mtandao wake wa 4G mwishoni mwa mwaka wa 2017 kwa kulenga zaidi watumiaji wa data, na Equitel, iliyotokana na Benki ya Equity. Equitel haina minara yake na hutumia mitambo ya Airtel. Kwa hivyo, anayetoka Airtel na kuingia Equitel akitarajia mawimbi yenye nguvu zaidi nyumbani atakuwa amebadilisha jina tu. Swali la kwanza la kuuliza, basi, ni hili: kampuni hii inatumia minara ya nani?

Mawimbi kufika si kasi

Watu wengi hutazama vipau vilivyo juu ya kioo cha simu na kuamini kwamba vikijaa, kasi nayo imejaa. Hilo ni kosa. Vipau huonyesha nguvu ya mawimbi yanayotoka mnarani. Havionyeshi ni watu wangapi wanaogawana mnara huo, wala upana wa njia inayouunganisha mnara na mtandao mkuu. Ni sawa na bomba la maji: kulifikisha bomba nyumbani ni jambo moja, na maji kutoka kwa wingi wakati majirani wote wamefungua mifereji ni jambo jingine.

Kuna mambo manne ambayo huamua anachokipata mteja. La kwanza ni umbali wake na mnara. La pili ni masafa ya redio yanayotumika. Masafa ya chini, kama vile ya megahazi 700, 800 au 900, husafiri mbali na hupenya kuta vizuri. Yale ya juu, kama vile 1800, 2100 na 2600, kwa kawaida hubeba data nyingi zaidi lakini huchoka upesi yakikutana na ukuta. La tatu ni idadi ya watu wanaotumia mnara kwa wakati mmoja. La nne ni kiungo cha nyuma cha mnara. Mnara uliounganishwa kwa nyaya za mkongo wa fiba kwa kawaida huhimili mzigo mkubwa kuliko ule unaotegemea mawimbi ya redio kutoka kwa mnara mwingine.

Mambo hayo yote yanamgusa mkazi wa Ruiru. Kwa mujibu wa hesabu za watu, mji huu ulikuwa na wakazi 238,858 mwaka wa 2009. Kufikia mwaka wa 2019 walikuwa 490,120, yaani zaidi ya maradufu katika muda wa miaka kumi, na Ruiru ikawa ya nne nchini kwa wingi wa watu miongoni mwa miji, nyuma ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Barabara Kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi mwaka wa 2012, ilivuta wapangaji wanaofanya kazi Nairobi, nayo majumba ya kupangisha yakajengwa yakikaribiana kwa mawe na saruji. Kuta kama hizo hudhoofisha mawimbi. Jengo jipya likisimama kati ya dirisha lako na mnara, huduma iliyokuwa nzuri mwaka jana inaweza kudorora bila kampuni kugusa chochote.

Isitoshe, wakazi wengi huwa kazini mchana na hurejea jioni. Mnara uliokuwa na nafasi saa nne asubuhi huwa umefurika saa mbili usiku. Ndiyo maana jaribio lililofanywa mchana mmoja halitoshi kumwongoza mtu.

Vipimo vinavyofaa

Kasi ya intaneti hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, ilhali bando huuzwa kwa megabaiti. Megabaiti moja ni megabiti nane. Kwa hivyo, mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde hupakua megabaiti 1.25 pekee kila sekunde. Filamu ya megabaiti 700 itachukua dakika tisa na sekunde ishirini kwa kasi hiyo. Kasi ikishuka hadi megabiti 2, filamu hiyo hiyo itachukua takriban dakika 47.

Zipo namba nyingine mbili ambazo matangazo hayazitaji sana. Moja ni kasi ya kupakia, yaani ya kutuma data kutoka kwenye simu yako. Anayetuma picha za bidhaa au anayefanya mikutano ya video anaihitaji sana, nayo kwa kawaida huwa ndogo kuliko ya kupakua. Nyingine ni muda wa kusubiri jibu, unaopimwa kwa milisekunde. Muda huo ukiwa mrefu, sauti katika mkutano huchelewa na wazungumzaji hukatizana hata kama kasi ya kupakua ni kubwa. Mkutano wa video wa kawaida huridhika na megabiti kati ya 1 na 4 kwa sekunde, mradi zisiwe zikipanda na kushuka kila mara. Kwa kazi ya aina hiyo, uthabiti una thamani kuliko kasi kubwa ya kupita.

Nguvu ya mawimbi yenyewe inaweza kusomwa katika mipangilio ya simu nyingi, kwa namba hasi za dBm. Katika 4G, namba iliyo karibu na -80 ni nzuri sana, -100 ni ya wastani, na ikipita -110 matatizo huanza kuonekana. Tofauti ya 10 katika kipimo hiki si ndogo: ina maana kwamba nguvu imepungua mara kumi.

Jinsi ya kufanya jaribio

Kwanza, usiihame laini yako. Nunua laini ya kampuni unayoifikiria, isajiliwe kwa kitambulisho chako jinsi sheria inavyotaka, na uitie katika nafasi ya pili ya simu. Ikiwa simu yako haina nafasi ya pili, muombe jirani anayetumia kampuni hiyo akuruhusu upime kwa simu yake. Jirani wa ukuta mmoja ni shahidi bora kuliko ramani ya kampuni, kwani ramani huonyesha eneo kwa jumla wala haijui chumba chako kiko upande gani wa jengo.

Pili, pima mahali pale unapotumia simu: sebuleni, chumbani, dukani na katika matatu unayopanda kwenda kazini. Pima alfajiri, mchana, na kati ya saa mbili na saa nne usiku. Fanya hivyo kwa muda wa siku saba ili Jumapili pia ihesabiwe, na uandike matokeo daftarini.

Tatu, tumia simu ile ile kwa laini zote mbili. Simu ya 3G haiwezi kukuonyesha 4G, na simu isiyo na masafa fulani haitayaona hata mnara ukiwa dirishani. Safaricom ilianzisha 4G mwaka wa 2014 na kuzindua 5G kibiashara Oktoba 2022. Airtel ilifuata na 5G yake mwaka wa 2023. Huduma hizo hazimfaidi mwenye simu isiyozipokea. Aidha, baadhi ya simu zilizonunuliwa kwa mkopo huwa zimefungwa mpaka deni limalizike.

Nne, usichague tokeo kubwa zaidi, wala usitegemee wastani peke yake. Tuseme umepata megabiti 31, 4, 6, 5 na 7. Wastani ni 10.6, lakini ukizipanga kwa ukubwa, namba ya katikati ni 6, nayo ndiyo inayokueleza siku yako ya kawaida. Tazama pia namba ya chini kabisa, kwa kuwa hiyo ndiyo utakayokutana nayo saa ya haja.

Jihadhari pia na gharama ya kipimo chenyewe. Jaribio la sekunde kumi kwa kasi ya megabiti 20 humeza megabaiti 25 kwa upande wa kupakua pekee.

Hesabu ya bei

Bei ya bando haisomwi kwenye tangazo bali hupatikana kwa kugawanya. Chukua mfano wa bando la Sh50 lenye megabaiti 1,500 za saa 24. Ukizitumia zote, kila megabaiti imekugharimu takriban senti tatu. Ukitumia 500 na zilizosalia zikaisha muda, umelipa senti kumi kwa kila moja. Kwa mtumiaji mdogo, bando lisilo na mwisho wa muda linaweza kuwa nafuu hata kama bei yake inaonekana kuwa ya juu.

Gharama ya kupiga simu kwenda mtandao mwingine haina tena uzito iliokuwa nao zamani. Mwaka wa 2010, Tume ya Mawasiliano ya wakati huo (CCK) ilipunguza ada ambayo kampuni hulipana kwa kuunganisha simu kutoka Sh4.42 hadi Sh2.21 kwa dakika, na vita vya bei vikazuka. Ada hiyo ilishushwa hadi Sh0.41 Machi 2024.

Kuhama na nambari yako

Tangu Aprili 2011, mteja nchini Kenya anaweza kuhamia kampuni nyingine bila kubadilisha nambari. Ombi hupelekwa kwa kampuni unayohamia, wala si kwa ile unayoiacha. Hata hivyo, kinachohama ni nambari tu. Akaunti ya M-Pesa, iliyozinduliwa na Safaricom mwaka wa 2007, haimfuati mteja anayehamia mtandao mwingine. Tangu mwaka wa 2018 imewezekana kutumiana pesa kati ya M-Pesa na Airtel Money, lakini akaunti zenyewe ni mbali mbali.

Kwa hivyo, kabla ya kutuma ombi, toa salio lako, lipa madeni ya mjazo wa dharura na mikopo ya simu, maliza bando na pointi za zawadi, na ujulishe benki, chama na wateja wako namna mpya ya kukutumia pesa. Mwenye duka anayepokea malipo kwa laini hiyo ana sababu kubwa zaidi ya kutohama na badala yake kuongeza laini ya pili kwa ajili ya data peke yake.

Haki za mteja

Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata huduma za ubora unaofaa pamoja na habari za kumwezesha kufaidika nazo. Mamlaka ya Mawasiliano (CA), iliyoirithi CCK, hupima ubora wa huduma za kampuni na kuchapisha matokeo. Mlalamishi huanza kwa kampuni yake, ahifadhi nambari ya lalamiko, kisha asiporidhika apeleke suala hilo kwa Mamlaka. Daftari la vipimo lenye tarehe na saa lina nguvu kuliko kusema kwamba mtandao ni mbaya. Mara nyingine kampuni inaweza kurekebisha tatizo la mnara mmoja, na haja ya kuhama ikaisha.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakumkataza mtu kununua msala mpya. Walimtaka aukalie kwanza. Wiki moja ya kupima kwa laini ya pili itakueleza kuhusu chumba chako cha Gitothua mambo ambayo bango la barabarani halitakueleza.